Kuongeza kasi ya kompyuta ya mezani: kosa lisilotoa moshi ndilo la kuogopwa

Kompyuta ya mezani inaweza kufanya kazi kwa kasi kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye boksi lake. Jambo hilo, ambalo hutajwa pia kwa jina la mkopo ovakloki, ni kukiamuru kichakataji au vijiti vya kumbukumbu viende kwa mapigo mengi zaidi kwa sekunde kuliko yale ambayo mtengenezaji ameyatolea dhamana. Hakuna kifaa kipya kinacholazimika kununuliwa. Hubadilishwa tarakimu chache tu katika BIOS, yaani programu ya msingi iliyohifadhiwa ndani ya ubao mama. Kwa wahariri wa video, wenye studio ndogo za muziki na wapenzi wa michezo ya kompyuta, hicho ni kishawishi kikubwa, hasa pale ambapo bei ya kichakataji kipya ni mshahara wa miezi kadhaa.

Hofu ya kwanza inayomjia mtu ni moto: kwamba kichakataji kitaungua na ubao mama kuharibika. Hofu hiyo ina msingi wake, lakini vichakataji vya miaka ya karibuni vina kinga ya ndani. Vikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda huzima mashine nzima. Hatari iliyo kubwa zaidi haina moshi wala harufu. Kompyuta iliyosukumwa kupita uwezo wake inaweza kuwaka vizuri, ikafungua kila programu na kupiga muziki siku nzima, huku ikikosea hesabu moja kati ya mabilioni. Kosa hilo likiangukia kwenye picha, rangi ya nukta moja hubadilika na hakuna atakayejua. Likiangukia kwenye daftari la hesabu za kikundi cha akiba, habari ni nyingine.

Mfano mmoja unatosha. Katika faili la maandishi, tarakimu 1 huhifadhiwa kwa namba 49 na tarakimu 9 kwa namba 57. Zikiandikwa kwa sufuri na moja, namba hizo mbili hutofautiana mahali pamoja tu. Kwa hiyo sufuri moja ikigeuka kuwa moja ndani ya kijiti cha kumbukumbu, 1,000 husomeka 9,000. Mtumiaji akihifadhi faili, kosa huandikwa kwenye diski kama kwamba ndilo alilolikusudia. Kwa sababu hiyo, anayetaka kuongeza kasi kwa usalama atatumia dakika chache kubadilisha tarakimu na saa nyingi kuhakikisha kwamba mashine yake bado inahesabu sawasawa.

Ziada inatoka wapi

Vichakataji hukatwa kwa wingi kutoka katika kisahani kimoja cha silikoni, lakini havitoki sawa. Kimoja humudu kasi kubwa kwa volteji ndogo, na jirani yake huhitaji volteji zaidi kwa kasi ile ile. Kiwanda huvipima na kuvigawa katika madaraja, kisha kila daraja hupewa kasi ambayo hata kilicho dhaifu kuliko vyote kitaimudu kwa miaka mingi, tena katika chumba chenye joto. Aliyebahatika kupata kilicho bora ndani ya daraja lake huwa amepewa ziada asiyoilipia.

Mwaka 1998 ziada hiyo ilikuwa kubwa mno. Kampuni ya Intel ilitoa kichakataji cha bei nafuu, Celeron 300A, kilichopiga megahezi 300. Kasi hiyo ilipatikana kwa kuzidisha pigo la msingi la ubao mama, megahezi 66, kwa kizidishio cha 4.5 ambacho kilikuwa kimefungwa kiwandani. Watumiaji waligundua kwamba pigo la msingi likipandishwa hadi megahezi 100, vingi kati ya vichakataji hivyo vilikwenda kwa megahezi 450 bila kulalamika. Hiyo ndiyo kasi ya Pentium II 450, kichakataji cha juu cha kampuni hiyo wakati ule, kilichouzwa kwa bei ya zaidi ya maradufu. Sifa za ovakloki zinazosimuliwa hadi leo zina mizizi katika miaka ile, na wengi wanaoanza kazi hii husikitika wanapogundua kwamba neema hiyo imepungua.

Imepungua kwa sababu watengenezaji wenyewe wameichukua. Kichakataji cha leo hujiongezea kasi kila kinapopata nafasi, kwa kuangalia joto lake na umeme unaopatikana. Core i9-14900K, kwa mfano, ina kasi ya msingi ya gigahezi 3.2, lakini hupanda yenyewe hadi gigahezi 6.0 kwa muda mfupi. Kinachobaki kwa mtumiaji ni asilimia chache, na mara nyingi asilimia hizo hulipiwa kwa joto jingi na kelele za feni. Kumbukumbu ndiyo iliyobaki na nafasi ya kweli, kama itakavyoonekana.

Tena, si kila mashine inaruhusu. Kwa upande wa Intel, kizidishio huwa wazi katika vichakataji ambavyo jina lake limebeba herufi K, navyo huhitaji ubao mama wenye chipu za kundi la Z. Mbao za kundi la B, kuanzia B560, huruhusu kumbukumbu pekee. Kwa upande wa AMD, karibu vichakataji vyote vya Ryzen vya kompyuta za mezani viko wazi, lakini ubao wenye chipu ya A320 hauruhusu, na vichakataji kama Ryzen 7 5800X3D cha mwaka 2022 vilifungwa kwa sababu haviwezi kustahimili volteji kubwa. Kompyuta za ofisi zilizotumika, zile zinazouzwa kwa wingi katika maduka ya miji ya Afrika Mashariki baada ya kustaafishwa ng'ambo, kwa kawaida hazina kabisa kurasa za kubadilisha kasi katika BIOS zao. Kutafuta programu za asili isiyojulikana ili kuvunja kufuli hilo ni kuufungulia virusi mlango. Mwenye mashine ya namna hiyo atafaidika zaidi kwa kuongeza kijiti cha pili cha kumbukumbu, ili data ipite kwa njia mbili sambamba, au kwa kuiondoa diski ya zamani inayozunguka na kuweka SSD.

Hesabu ya joto

Nguvu ya umeme inayotumiwa na kichakataji hupanda sambamba na kasi yake, lakini hupanda kwa mraba wa volteji. Tuseme kasi imeongezwa kwa asilimia 10 na volteji nayo kwa asilimia 10. Hesabu ni 1.1 mara 1.1 mara 1.1, yaani 1.331. Kichakataji kilichokuwa kikitumia wati 100 sasa kitatumia takriban wati 133, na karibu zote hugeuka kuwa joto ndani ya kipande cha silikoni kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Asilimia 10 ya kasi imenunuliwa kwa theluthi nzima ya joto. Ndiyo maana wazoefu hupandisha kasi kwanza bila kugusa volteji, na huishia pale volteji inapoanza kudaiwa.

Volteji ina deni jingine linalolipwa polepole. Ndani ya kichakataji, mkondo wa umeme hupita katika nyaya nyembamba kuliko kitu chochote kinachoonekana kwa macho, na mkondo huo husukuma atomi za metali kutoka mahali pake. Kadiri volteji na joto vinavyopanda, ndivyo msukumo huo unavyoongezeka. Transista nazo huchoka. Kichakataji kilichokuwa imara kwa mwaka mzima huanza kuhitaji volteji zaidi kwa kasi ile ile, na mwenyewe hulaumu Windows, huisakinisha upya, kisha huilaumu tena.

Matukio mawili ya karibuni yanaonyesha kwamba hata watengenezaji huweza kukosea hapa. Mwezi Aprili 2023 zilienea picha za vichakataji vya AMD vya Ryzen 7000, hasa vya X3D, vilivyoungua pamoja na soketi zake. Sehemu ya chanzo ilikuwa volteji iliyopelekwa kwenye eneo la kichakataji linaloongoza kumbukumbu, ambayo baadhi ya mbao mama ziliipandisha kupita kiasi pale mtumiaji alipowasha tu mpangilio wa kumbukumbu ya kasi. AMD ilijibu kwa masasisho ya BIOS yaliyoweka kikomo cha volti 1.3. Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya Intel. Vichakataji vya Core vya kizazi cha 13 na cha 14 vilianza kuzimisha michezo na programu bila sababu ya wazi, na Julai 2024 kampuni hiyo ilieleza kwamba maagizo ya ndani ya kichakataji yalikuwa yakiomba volteji kubwa kuliko inavyofaa. Masasisho yalitolewa Agosti na Septemba, na dhamana ikaongezwa kwa miaka 2. Masasisho huzuia madhara mapya tu. Kichakataji kilichokwisha kudhoofika hakirudi hali yake.

Mafunzo ya matukio hayo kwa mtu wa nyumbani ni mawili. La kwanza, BIOS isasishwe kabla ya jambo lolote, tena kompyuta ikiwa kwenye UPS, kwa maana umeme ukikatika katikati ya sasisho ubao mama unaweza usiwake tena. La pili, mpangilio wa volteji ulioandikwa "Auto" usiaminiwe bila kutazamwa. Baadhi ya mbao, zikiona kasi imepandishwa, huongeza volteji kwa ukarimu ambao hakuna aliyeuomba.

Maandalizi

Nakala za faili muhimu zitolewe kwanza, wakati mashine ingali katika hali ya kiwandani. Mpangilio huu una sababu. Nakala inayotolewa na kompyuta ambayo kumbukumbu yake imeshayumba hupita ndani ya kumbukumbu hiyo hiyo, na hubeba makosa yake. Wapo waliopoteza picha za miaka mingi wakiwa na nakala tatu, zote zikiwa zimeharibika kwa namna moja. Diski ya nakala ichomolewe na kuwekwa kando mpaka majaribio yaishe.

Vumbi huondolewa kwenye feni na kwenye mapezi ya kipoza. Katika nyumba iliyo kando ya barabara ya udongo, miezi sita inatosha kuyaziba. Ikiwa kompyuta ina miaka kadhaa, pesti iliyo kati ya kichakataji na kipoza huwa imekauka na hustahili kubadilishwa. Tone dogo kama punje ya mbaazi linatosha. Kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, pawasaplai, kiwe cha kuaminika, kwa kuwa cha bei ya kutupa hushindwa kushikilia volteji pale mzigo unapoongezeka ghafla.

Hewa ya chumba ni sehemu ya mtambo. Kipoza hakiwezi kukishusha kichakataji chini ya joto la chumba. Chumba kikipanda kwa nyuzi 8, kichakataji nacho hupanda kwa karibu nyuzi 8. Mpangilio uliopita majaribio usiku wa Julai mjini Kigali huenda ukashindwa mchana mjini Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwinuko nao una neno lake. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 14, hivyo feni inayozunguka kwa kasi ile ile huchukua joto pungufu. Miji ya nyanda za juu hufidiwa na ubaridi wake. Hata hivyo, vipimo vilivyochukuliwa pwani au Ulaya visinakiliwe kama vilivyo.

Kichakataji

Kazi huanza kwa kupima, kasi ikiwa bado ya kiwandani. Programu ya bure kama HWiNFO huonyesha joto, volteji na kasi ya kila kiini. Kichakataji hupewa kazi nzito kwa nusu saa, na joto la juu kabisa huandikwa. Vingi vya Intel vya miaka ya karibuni vina kikomo cha nyuzi 100 za Selsiasi, na Ryzen 7000 vina kikomo cha nyuzi 95. Mashine ambayo tayari inagonga kikomo hicho ikiwa katika hali ya kiwandani haina ziada ya kuchuma. Itengenezewe upoaji kwanza, na huenda hilo peke yake likairudishia kasi iliyokuwa ikipotea.

Panapokuwa na nafasi, kizidishio hupandishwa hatua moja, ambayo kwa kawaida ni megahezi 100. Kompyuta huwashwa, hujaribiwa kwa dakika 15 hivi, kisha hupandishwa hatua nyingine. Kitu kimoja hubadilishwa kwa wakati mmoja. Anayebadilisha kasi, volteji na kumbukumbu kwa pamoja, mashine ikikataa, hatajua pa kuanzia. Wakati huo kumbukumbu iachwe katika kasi yake ya kawaida, ili kosa likitokea ijulikane kwamba ni la kichakataji.

Kompyuta ikiganda au ikitoa skrini ya bluu, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kurudi hatua moja au mbili na kuridhika. Ya pili ni kuongeza volteji kidogo kidogo, kwa hatua za volti 0.01 au 0.02, huku joto likitazamwa. Kwa matumizi ya kazi, njia ya kwanza ndiyo ya busara. Megahezi 100 za mwisho hazionekani kwa macho ya mhariri wa video, ila huonekana kwenye joto na kwenye umri wa kifaa. Pigo la msingi, ambalo leo ni megahezi 100 katika mbao nyingi, liachwe bila kuguswa, maana katika baadhi ya mbao huburuta pamoja nalo mawasiliano ya diski na ya kadi ya picha.

Kuna pia njia ya kinyume isiyosifiwa inavyostahili: kupunguza volteji bila kubadilisha kasi. Kichakataji cha kisasa kikipoa hujiongezea kasi chenyewe, hivyo volteji ikishushwa kidogo, mashine hupata utulivu, feni hunyamaza na kasi ya kazi ndefu hupanda. Hata hivyo nayo hudai majaribio yale yale, kwa kuwa volteji pungufu huzaa makosa kama kasi iliyozidi.

Kumbukumbu

Hapa ndipo penye faida inayosahaulika na hatari isiyoonekana. Kijiti kilichouzwa kama DDR4-3200 hakiendi kwa kasi hiyo siku ya kwanza. Ubao mama hukiwasha kwa mpangilio salama wa kawaida, mara nyingi 2133, 2400 au 2666, na hukiacha hapo mpaka mwenyewe aingie katika BIOS na kuchagua mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya kijiti. Mpangilio huo Intel huuita XMP, na kwa DDR5 AMD hutumia jina la EXPO. Watu wengi wametumia kompyuta kwa miaka bila kujua kwamba walilipia kasi wasiyoipata. Ikumbukwe pia kwamba namba 3200 ni idadi ya safari za data, kwa mamilioni kwa sekunde. Pigo lenyewe ni megahezi 1600, kwani data hupita mara mbili katika kila pigo. Mtu akiona 1600 katika programu ya vipimo, asidhani ameibiwa.

Kuwasha XMP kunahesabiwa kuwa ni kuongeza kasi, ingawa kumefanywa kuwa rahisi kama kuwasha taa. DDR4 hupanda kutoka volti 1.2 za kawaida hadi 1.35 kwa vijiti vingi. DDR5 hutoka volti 1.1 na huweza kufika 1.35 au zaidi. Mtengenezaji wa kijiti amekipima kijiti, lakini hakukipima pamoja na kichakataji cha kila mnunuzi, na sehemu inayoongoza kumbukumbu imo ndani ya kichakataji. Kwa hiyo kijiti kizima kabisa huweza kushindwa katika kompyuta moja na kufanya kazi katika nyingine. Vijiti vinne humlemea kiongozi huyo kuliko viwili. Kuchanganya vijiti vya seti mbili tofauti, hata vikiwa na jina moja, ni chanzo cha matatizo kinachojirudia.

Namba ya pili ya kuangaliwa ni muda wa kusubiri, ambao huandikwa CL16, CL18 na kadhalika. Huhesabiwa kwa mapigo, hivyo hauna maana mpaka ulinganishwe na kasi. DDR4-3200 yenye CL16 husubiri nanosekunde 10. DDR4-3600 yenye CL18 nayo husubiri nanosekunde 10. DDR5-6000 yenye CL30, ghali kuliko zote hizo, vilevile ni 10. Kinachoongezeka ni upana wa mto wa data, na mto huo hufaa zaidi kazi zinazohamisha data nyingi. Anayeandika barua na kusoma habari hataona tofauti yoyote. Kwa Ryzen za mfululizo wa 3000 na 5000 kuna kizingiti cha ziada: njia ya ndani inayounganisha sehemu za kichakataji huenda pamoja na kumbukumbu hadi karibu megahezi 1800, yaani DDR4-3600. Kumbukumbu ikipita hapo, kwa kawaida mwendo huo wa pamoja huvunjika, na kumbukumbu ya kasi zaidi huweza kugeuka kuwa ya polepole zaidi.

Kumbukumbu hushikilia kila sufuri na moja kwa chaji ndogo sana ya umeme inayovuja muda wote, hivyo lazima ihuishwe tena na tena. Katika DDR4, kila baada ya milisekunde 64. Joto huharakisha kuvuja huko. Kwa sababu hiyo kijiti kinachopita majaribio asubuhi kinaweza kukosea saa nane mchana, kadi ya picha iliyo jirani yake ikiwa imepasha kisanduku chote. DDR5 ina urekebishaji wa makosa ndani ya kila chipu, jambo linalowapumbaza wengi. Urekebishaji huo haulindi data inayosafiri kati ya kijiti na kichakataji, na safari hiyo ndiyo inayotatizwa na kasi kubwa.

Baada ya XMP kuwashwa, kompyuta inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa, hasa ya DDR5. Inajifunza mpangilio mpya. Isizimwe kwa pupa. Isipowaka kabisa, mbao nyingi hujirudisha kwenye hali salama baada ya kujaribu mara chache. Ikishindikana, waya wa umeme huchomolewa, betri ndogo ya duara iitwayo CR2032 huondolewa kwenye ubao mama kwa dakika chache, na mipangilio hufutika. Hakuna kilichoharibika.

Majaribio

Kuwaka kwa Windows hakuthibitishi kitu. Jaribio la kumbukumbu hufanywa nje ya Windows, kwa MemTest86 iliyowekwa kwenye flashi. Toleo lake la bure hupitia kumbukumbu yote mara 4, na kwa gigabaiti 16 au 32 huchukua saa kadhaa. Ni kazi ya kuachwa usiku, umeme ukiruhusu. Kosa moja tu ni kushindwa. Hakuna kosa dogo hapa, na anayesema "ni moja tu" amesahau ile tarakimu iliyogeuka 9.

Kisha hufuata Prime95. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya mradi ulioanza mwaka 1996 wa kutafuta namba tasa kubwa kupindukia, na jaribio lake lina thamani kwa sababu majibu ya hesabu zake yanajulikana mapema. Kichakataji kikikosea, programu hulinganisha, hugundua na husimama. Hesabu zake ndogo hukibana kichakataji na kutoa joto la juu kabisa, nazo hutazamwa mwenyewe akiwa karibu. Hesabu zilizochanganywa hubana kumbukumbu pia, nazo huachwa kwa saa nyingi. Kama nyongeza isiyo na gharama, folda kubwa ya video inaweza kufungwa kwa 7-Zip na kifurushi kupimwa kwa programu hiyo hiyo. Kikisema kimeharibika mara baada ya kutengenezwa, kumbukumbu ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Majaribio hurudiwa msimu wa joto unapoanza na baada ya kila kijiti kipya kuongezwa. Yakifeli, kasi hushushwa hatua moja, 3600 ikawa 3466 au 3200, na jaribio huanza upya tangu mwanzo. Diski ya nakala hurudishwa pale tu usiku mzima unapopita bila kosa.

Kila badiliko huandikwa kwenye karatasi: tarehe, kasi, volteji na joto la juu lililopimwa. Sasisho la BIOS hufuta mipangilio yote bila kuuliza, na fundi atakayeifungua kompyuta hiyo mwaka ujao hatakuwa na njia nyingine ya kujua ilivyokuwa. Karatasi ikunjwe na kubandikwa upande wa ndani wa kifuniko cha kisanduku, mbali na feni.